KUNOA WEMBE WA KUKUNJA: SOMO KWA ANAYEANZA

Katika toleo lililopita tuliandika juu ya kunoa majembe na mapanga. Tangu hapo watu wengi, hasa vijana wa kikundi cha vinyozi, wametuuliza swali moja: je, wembe nao unanolewa namna hiyo hiyo? Jibu ni hapana. Panga lililonolewa vibaya bado litapasua kuni, lakini wembe ulionolewa vibaya humkwangua mtu shavu mpaka akatokwa na machozi.

Kwanza tuelewane ni wembe upi. Hatuzungumzi juu ya kiwembe chembamba cha dukani, kile kinachofungwa ndani ya karatasi, kikatumika mara chache na kutupwa. Tunazungumza juu ya wembe wa zamani, bamba moja la chuma lenye mgongo mnene na makali membamba, linalokunjwa ndani ya mpini wake. Wazee wanaujua. Nyembe nyingi nzuri za namna hii zilitengenezwa Solingen, Ujerumani, na Sheffield, Uingereza, na mara nyingi jina la mji limepigwa muhuri kwenye shina la chuma karibu na mpini. Mwaka 1904 Mmarekani King C. Gillette aliandikisha uvumbuzi wake wa wembe wenye kiwembe cha kubadilishwa, na baada ya hapo nyembe za kukunja zikaanza kupungua duniani. Kwetu hufika kwa njia mbili: ndani ya marobota ya vitu vya mitumba, au mfukoni mwa mtu aliyekimbia nyumba yake.

Kuna na nyembe mpya za bei rahisi sana zenye mipini ya kumetameta. Nyingi kati ya hizo chuma chake ni laini, hakishiki makali hata ukinoa kutwa nzima. Msipoteze fedha.

Kwa nini tujisumbue na kazi hii? Katika 1 Samweli sura ya 13 tunasoma kwamba Waisraeli hawakuwa na mhunzi, wakawa wanateremka kwa Wafilisti, watu wanaopigana nao, ili wanolewe majembe na mashoka yao, tena kwa malipo. Sisi tunaoishi kwa mgao tunaelewa habari ile kuliko wengi. Nyumba yenye wanaume wanne hununua viwembe mwaka mzima. Mwenye wembe mmoja mzuri, na anayejua kuunoa, ameshaondoka katika foleni hiyo.

WEMBE MMOJA, MTU MMOJA

Kabla ya jiwe na maji kuna jambo ambalo tusipolisema mapema tutakuwa tumefundisha madhara. Wembe wa kukunja ni wa mtu mmoja, kama mswaki. Hata pale usipoona jeraha, wembe huacha mikwaruzo midogo yenye damu isiyoonekana kwa macho. Kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kukaa nje ya mwili, juu ya kitu kilichokauka, kwa siku 7 au zaidi na bado kikaambukiza. Kirusi cha UKIMWI ni dhaifu zaidi kikiwa nje ya mwili, lakini hiyo si sababu ya kukijaribu. Kufuta wembe kwa kitambaa, kuusuuza, kuupitisha kwenye ngozi, hata kuunoa upya, hakumalizi hatari hiyo. Na ukiuloweka katika dawa kali ya kuulia vijidudu, ile ya kufulia nguo nyeupe, dawa hiyo italiwaza jicho lako tu huku ikila chuma pale palipo pembamba, yaani kwenye makali yenyewe.

Kwa hiyo kijana mwenye kibanda cha kunyoa asimnyoe mteja kwa wembe wa namna hii, hata kama ni mkali sana na hata kama mteja mwenyewe ameuomba. Kwa wateja kuna kishikio kinachovalishwa nusu ya kiwembe kipya. Mteja akiinuka, nusu hiyo inatolewa na kutupwa ndani ya kopo lenye kifuniko, si kwenye jalala ambako watoto wanachezea.

Tunajua pia kwamba baadhi ya jamaa zetu wana desturi ya kunyoa vichwa matanga yanapomalizika, na wembe mmoja hupita kwa wafiwa wote kuanzia mkubwa hadi mtoto wa mgongoni. Desturi ya kunyoa hatuigusi. Tunachoomba ni hesabu ya viwembe: wafiwa wanane, viwembe vinane. Wenye msiba wakikosa, waje kwetu kabla ya siku yenyewe, tutachanga.

JIWE LIPI

Lile jiwe la kijivu la pande mbili linalouzwa sokoni kwa ajili ya mapanga, liacheni. Chembe zake ni kubwa mno. Wembe ukipita hapo makali yake yanakuwa na meno kama msumeno, na itachukua siku kuyaondoa. Jiwe la mtoni nalo ni hivyo hivyo.

Mawe ya kunolea ya kiwandani hupewa namba kufuatana na chembe zake. Namba ikiwa kubwa, chembe ni ndogo na jiwe ni laini. Kwa wembe, jiwe la namba 1000 ndilo linalotengeneza makali, la 4000 hadi 6000 linayalainisha, na la 8000 kwenda juu linayang'arisha. Darasa letu lina jiwe moja la maji lenye pande mbili, 1000 na 6000. Lilitumwa na ndugu yetu mmoja aliyepata makazi mapya Kanada. Jiwe hilo linatosha, mradi baada yake kuwe na ngozi, ambayo tutaieleza.

Asiye na jiwe la 1000 anaweza kutumia msasa wa maji, ule mweusi wanaoutumia wapaka rangi wa magari, wa namba 2000. Ubandikwe juu ya kioo kinene, ulowe maji, na usiwe na puto la hewa chini yake, la sivyo wembe utauchana. Ila msidanganyike na namba, maana namba za msasa na namba za mawe hazipimwi kwa kipimo kimoja. Msasa wa 2000 hufanya kazi inayokaribia ya jiwe la 1000, haufiki mbali zaidi.

Mmoja wa wazee wa darasa, aliyekuwa kinyozi Bukavu zamani za Zaire, anakumbuka jiwe la manjano lililogundishwa juu ya jiwe jeusi. Kwa maelezo yake ni kotikule, jiwe la asili linalochimbwa katika milima ya Ardennes, Ubelgiji. Ndani yake mna chembe ndogo sana za garneti, na hizo ndizo zinazokula chuma. Tabaka lake la manjano ni jembamba, ndiyo maana hugundishwa juu ya jiwe jingine lisivunjike. Ukilikuta kwa mtu, tafadhali mwambie asimwachie fundi viatu alinolee kisu cha kukatia soli.

Jiwe lolote unalotumia lazima liwe tambarare. Jiwe lililotumika hufanya bonde katikati, na wembe ukilala juu ya bonde makali hayagusi sawasawa. Chora mistari ya penseli juu ya jiwe zima, kwa urefu na kwa upana, kisha lisugue juu ya msasa wa maji uliolazwa kwenye kioo. Mistari ya kando itafutika kwanza. Endelea mpaka na ile ya katikati imefutika yote. Wanaoanza hawaipendi hatua hii kwa sababu haionekani kuwa ni kunoa. Hakuna aliyeiruka katika darasa letu akapata wembe wa kunyolea.

MKONO

Upande wa 1000 uloweke majini kama dakika 10, mpaka mapovu yanayotoka yamekwisha. Upande wa 6000 unatosha kunyunyiziwa maji juu. Lilaze jiwe juu ya kitambaa kibichi lisiteleze, mezani au juu ya gogo, mahali penye mwanga. Watoto wasiwe karibu.

Sasa ufungue wembe na kuulaza juu ya jiwe bapa kabisa, mgongo na makali vyote viwili vikigusa jiwe. Hii ndiyo tofauti kubwa kati ya wembe na kisu. Anayenoa kisu huinua mgongo na kukadiria pembe kwa mkono wake. Aliyetengeneza wembe amekwisha kukupimia pembe hiyo kwa unene wa mgongo, na kazi yako ni kutouinua kamwe. Shika shina kwa kidole gumba na vidole viwili. Mpini uende na wembe, usiuvute upande.

Usukume wembe makali yakiwa mbele, kana kwamba unataka kukwangua tabaka jembamba la uso wa jiwe. Wakati unasukuma, uvute pia kidogo kwa upande, ili ukianza na sehemu iliyo karibu na mpini umalizie na ncha. Jiwe ni jembamba kuliko urefu wa wembe, na bila mwendo huo wa mshazari kuna sehemu haitaguswa. Ukifika mwisho, usiunyanyue. Ugeuze juu ya mgongo wake, makali yakipita juu hewani, kisha urudi kwa upande wa pili. Ukigeuza kwa kuzungushia makali, umeyagonga kwenye jiwe, na kazi inaanza upya.

Tena msikandamize. Mkono wa mkulima umezoea nguvu, na wengi wetu hapa ni wakulima. Chuma cha makali ni chembamba mno, hukunjika kikibanwa, kisha unanoa mahali pasipo makali. Uzito wa wembe wenyewe pamoja na uzito wa kidole kimoja unatosha mwanzoni. Baadaye hata hicho kidole kinaondoka.

USIONDOKE JIWE LA KWANZA MAPEMA

Hapa ndipo wanaoanza wanapokwama, na hapa tutakaa kidogo. Mtu anapiga mipigo 30 kwenye jiwe la 1000, anaona chuma kinang'aa, anafurahi, anageuza jiwe na kwenda upande wa 6000. Anasugua hapo saa nzima. Wembe unang'aa kama kioo na haunyoi. Anasema jiwe ni baya, au chuma ni kibaya, au wazungu wana siri waliyotuficha. Siri haipo. Jiwe laini hung'arisha kile ambacho jiwe la kwanza limekitengeneza, na kama pande mbili za makali bado hazijakutana pale kwenye ncha ya chuma, anang'arisha ubutu.

Utajuaje kwamba zimekutana? Kuna njia tatu, na tunawafundisha wanafunzi wazitumie zote.

Ya kwanza ni wino. Paka makali kwa kalamu ya wino mzito, ile ya kuandikia kwenye maboksi, pande zote mbili. Piga mipigo miwili tu, kisha tazama. Wino ukifutika mpaka ukingoni kabisa, urefu wote, jiwe linagusa panapotakiwa. Ukibaki uzi mwembamba wa wino ukingoni, jiwe halijafika hapo. Ukifutika katikati na kubaki kwenye ncha, ni mwendo wa mkono wako, au wembe una mkunjo kidogo.

Ya pili ni mwanga. Simama juani, au chini ya taa, uelekeze makali juu na kuyatazama moja kwa moja kutoka juu. Makali yaliyo tayari hayaonekani, kwa sababu hayana uso wa kurudisha mwanga. Kinachoonekana ni ubutu. Ukiona hata nukta moja inayometa kama nyota ndogo, hapo pana pengo au pamelala. Rudi kwenye jiwe.

Ya tatu ni vinyweleo vya mkono. Pitisha wembe juu ya ngozi ya mkono bila kukwangua, uone kama unakata vinyweleo kwa sehemu ya karibu na mpini, kwa katikati na kwa ncha, zote sawa. Sehemu moja ikikata na nyingine ikikataa, bado. Msijaribu makali kwa kupitisha kidole gumba kama mnavyofanya kwa panga.

Wembe wa mitumba uliolala butu miaka mingi unaweza kula saa mbili kwenye jiwe la 1000. Hatutoi hesabu ya mipigo kwa sababu kila chuma kina ugumu wake. Kijana mmoja aliandika hesabu kwenye daftari, mipigo 200, akaifunga hapo. Wembe wake ulihitaji zaidi ya hiyo mara tatu.

JIWE LAINI NA NGOZI

Baada ya hapo kazi ni nyepesi na haina maneno mengi. Osha wembe na mikono, chembe za jiwe la kwanza zisihamie la pili. Kwenye 6000 piga mipigo kama 50, mkono ukizidi kuwa mwepesi, na ile 20 ya mwisho wembe uende kwa uzito wake mwenyewe. Utaona maji yanapanda juu ya bamba mbele ya makali badala ya kusukumwa. Ni dalili nzuri.

Kisha ngozi. Tafuta mshipi wa zamani wa ngozi halisi, si wa plastiki, uugundishe juu ya ubao ulio tambarare. Fanya mbao mbili. Wa kwanza upake nyembamba dawa ya kijani ya kung'arishia vyuma, ambayo ni oksidi ya kromiamu, na wa pili usipake kitu. Kwenye ngozi mwendo unageuka: mgongo unatangulia na makali yanafuata nyuma, vinginevyo utakata ngozi na kuharibu makali. Mipigo 10 hadi 15 kwenye ngozi ya kijani, na 50 kwenye ile tupu. Kinyozi hodari huning'iniza mkanda na kuuvuta kwa mkono, lakini mkanda unaolegea huviringisha makali ya anayeanza, basi tumieni ubao kwanza.

WEMBE WA BABA

Kijana mmoja wa darasa alikuja na wembe wa Solingen uliofungwa ndani ya kipande cha kanga. Alisema, "Ni wembe wa papa." Kati ya vitu vyote vya nyumba yao, ni huo na picha mbili vilivyovuka mpaka. Alitaka aanze kujifunza kwa huo, auweke tayari kabla ya harusi yake.

Tulimkatalia. Chuma kinachobaki kwenye jiwe hakirudi kwenye wembe. Mkono wa anayeanza hula mgongo bila mpango na kupindisha makali, na wembe mwembamba hauna akiba ya kuvumilia mafunzo. Tuliupaka mafuta kidogo, tukaurudisha ndani ya kanga, na yeye akapewa wembe wa mitumba wenye kutu mgongoni. Ule wa mitumba aliunoa mara tano. Mara ya nne ulinyoa, mara ya tano ulinyoa bila kuwasha.

Mwezi wa nne ndipo tulipoufungua wembe wa baba yake. Karibu na mpini kuna pengo dogo, kama punje ya mchele iliyokatwa nusu. Palikuwa na mabishano. Wengine walitaka pengo liondolewe kabisa. Lakini pengo haliondolewi peke yake. Ili life, lazima urefu wote wa makali ushuke mpaka ufikie kina chake, yaani miaka mingi ya uhai wa wembe inabaki kwenye jiwe kwa siku moja. Mzee wa Bukavu alitazama, akasema sehemu ile haigusi shavu, iachwe. Tuliona ana haki. Ncha ya pengo ilisuguliwa kidogo isikwaruze, na yaliyobaki yakanolewa kwa mkono mwepesi. Alinyolea harusini wembe ukiwa na pengo lake.

Lakini kutu ikiwa imefika kwenye makali yenyewe na kuacha vishimo, au kukiwa na ufa hata mwembamba kama unywele, wembe huo usinolewe. Uwekwe kama ukumbusho.

KUNYOA MARA YA KWANZA NA KUTUNZA

Lowesha ndevu kwa maji ya moto na sabuni kwa dakika kadhaa. Anza na shavu, chini ya masharubu ya kando ya sikio, kwa mwelekeo ndevu zinakoota. Vuta ngozi kwa mkono mwingine, wembe uwe umelala karibu na ngozi, mgongo ukiinuka kidogo tu. Kidevu na koo viacheni mpaka wiki ya pili, mmalizie kwa kiwembe. Wembe ukivuta nywele badala ya kukata, acha na urudi kwenye ngozi. Ukiendelea kuvuta, rudi kwenye 6000. Mara chache sana utahitaji kurudi kwenye 1000, isipokuwa umeuangusha.

Ukimaliza, suuza, kausha kabisa hata ndani ya mpini, upake tone la mafuta. Nyembe hizi nyingi ni za chuma kinachoshika kutu usiku mmoja, na nyumba zetu za udongo zina unyevu wakati wa masika. Kabla ya kila kunyoa, ngozi tupu mipigo 50. Kwa matumizi ya mtu mmoja, jiwe laini hurudiwa baada ya miezi kadhaa. Uwekwe juu, mahali mtoto hafiki hata akipanda kiti.

Darasa linakutana kila Jumamosi saa tisa alasiri nyuma ya kanisa, chini ya mwembe, na Jumamosi ijayo tutaanza na nyembe tatu za mitumba kwa wapya. Mwenye wembe wa mzazi auache nyumbani kwanza. Tunahitaji vipande viwili vya kioo kinene vya ukubwa wa daftari, na mshipi wowote wa ngozi halisi, hata uliokatika. Wenye navyo wawaone viongozi wa vijana.